Gamba la Kobe Aliyekufa: Je, Inafaa Kuliweka Nyumbani Kuwa Kumbukumbu?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mwema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, tumepokea suala kutoka kwa familia moja ya hapa Unguja. Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna masuala ya tohara, ya sala, ya itikadi na ya kuishi kwa wema baina ya wazazi na watoto. Na kobe katika nyua za visiwa vyetu si kitu kigeni, kwa hivyo tunatarajia wengine pia watafaidika.

SUALA

Assalamu alaykum masheikh wetu. Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa na kobe aliyemfuga uani tangu sisi wadogo. Kila asubuhi baada ya sala ya Alfajiri akimwekea maji na majani. Baba alifariki miaka minne iliyopita na kobe tukabaki naye. Mwezi uliopita tumemkuta amekufa chini ya mkomamanga. Watoto wetu walilia sana, na mjomba wao akawaambia ni aibu kumlilia mnyama. Kaka yetu mkubwa amelisafisha gamba lake, amelipaka vanishi na kuliweka juu ya kabati ukumbini, anasema ni kumbukumbu ya baba. Mama anasema hiyo ni nyamafu, ni najisi, na tangu siku hiyo hasali tena ukumbini, naye ndimo alimozoea kusali. Mdogo wetu anataka gamba tulizike na tulijengee kikaburi kwa ajili ya watoto. Tunaomba mtufafanulie, maana yamekuwa maneno ndani ya nyumba.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu baba yenu, na akujaalieni subira na masikilizano. Tutalijibu suala lenu hatua kwa hatua.

Huzuni ya watoto

Tunaanza na watoto kwa sababu wao ndio wadogo na ndio waliokaripiwa. Kumhuzunikia mnyama uliyemlea si aibu, wala si upungufu wa imani. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba alikuwa na ndugu yake mdogo, mtoto wa Ummu Sulaym, aliyekuwa na kijindege akichezea. Kijindege kile kikafa. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa akiitembelea nyumba hiyo, alimkuta mtoto ana huzuni, akamwita kwa jina la heshima, Abu Umayr, akamuuliza habari za ndege wake.

Tuizingatie hadithi hii. Mjumbe wa Allah, mwenye mambo ya umma mzima mabegani mwake, hakumwambia mtoto yule anyamaze kwa kuwa ndege si mtu. Alikaa naye, akamuuliza, akampa nafasi ya kumzungumza ndege wake. Maulamaa wametoa katika hadithi hii faida nyingi sana. Miongoni mwake ni kujuzu kufuga mnyama kwa ajili ya mtoto kuchezea, madhali hateswi, na kuwa laini kwa watoto.

Kinachokatazwa ni kupindukia, kama kupiga mayowe, kuchana nguo, au kuisemea vibaya kadari ya Allah. Hayo yamekatazwa hata kwa maiti ya mwanadamu. Ama machozi ya mtoto kwa kobe wake ni rehma aliyoitia Allah katika moyo wake, na anayeyakebehi anamfunza mtoto kuwa moyo laini ni kasoro.

Na watoto wakiuliza kobe wao amekwenda wapi, waambieni yale tuliyoambiwa. Qur'ani katika Surat Al-An'am, aya ya 38, imetueleza kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim tunafahamishwa kuwa haki itachukuliwa hata baina ya kondoo asiye na pembe na mwenye pembe. Mola asiyemsahau kondoo hamsahau kobe. Zaidi ya hapo tusijizulie.

Gamba la kobe ni kitu gani?

Hukumu ya kitu hufuata kukijua kwake. Wako wanaodhani gamba ni kama nyumba ya konokono, kwamba kobe anaishi ndani yake na akifa anaiacha. Sivyo. Gamba la kobe ni sehemu ya mwili wake. Ndani ni mfupa, na uti wake wa mgongo pamoja na mbavu zake vimeungana na mfupa huo. Juu yake kuna tabaka gumu lililopangika vipande vipande kama vigae, na tabaka hilo ni la jinsi moja na kucha na pembe. Kobe hawezi kutoka katika gamba lake akabaki hai, kama ambavyo mtu hawezi kutoka katika mbavu zake.

Kwa hivyo tunapouliza hukumu ya gamba, kwa hakika tunauliza hukumu ya mfupa na pembe ya mnyama aliyekufa. Suala hili Mafakihi wamelizungumza tangu zamani, na wamekhitilafiana.

Kauli ya madhehebu yetu

Katika madhehebu ya Imamu Shafi (Allah amrehemu), ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika visiwa vyetu, mfupa, pembe na kucha za nyamafu ni najisi kama ilivyo nyama yake. Hoja yao ni kuwa Allah ameharamisha nyamafu katika Surat Al-Maida, aya ya 3, na mfupa ni sehemu yake. Tena wanasema mfupa una uhai, na kilicho na uhai hufikwa na mauti. Dalili yao ni aya ya 78 ya Surat Yasin, inayomtaja yule aliyeuliza nani ataihuisha mifupa iliyokwisha kuoza.

Huenda mtu akasema: mbona ngozi ya nyamafu husafika? Ni kweli. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimpitia mbuzi au kondoo aliyekufa, aliyekuwa sadaka aliyopewa mtumwa aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (R.A.), akawauliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake, na akabainisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Lakini Mashafi wanasema ruhusa hii ni ya ngozi baada ya kudibaghiwa, na haikuja kwa mifupa. Kwa hivyo kuchemsha, kuanika juani, kuzika miezi kadhaa au kupaka vanishi hakuligeuzi gamba likawa tohara kwa kauli hii. Wala hata kama kobe huyo angelichinjwa isingelisaidia, kwa sababu kobe wa nchi kavu, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, si halali kuliwa, na mnyama asiyeliwa hatohariki kwa kuchinjwa.

Kwa hivyo mama yenu hakuzua neno. Anasema aliyofunzwa, na aliyofunzwa yamo vitabuni.

Waliosema kuwa ni tohara

Upande wa pili wapo Maimamu wakubwa. Imamu Abu Hanifa na wafuasi wake wanasema mfupa, pembe na kucha za nyamafu ni tohara, maadamu hazina mafuta wala unyevu wa mzoga. Kauli hii imepewa nguvu pia na Ibn Taymiyya. Hoja yao ni kuwa sababu ya nyamafu kuwa najisi ni ile damu na rutuba iliyozuilika ndani ya nyama, na mfupa mkavu hauna kitu hicho. Isitoshe, Bukhari ametaja katika Sahihi yake maneno ya Imamu Zuhri, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Tabiina, kwamba aliwadiriki watu katika maulamaa waliotangulia wakichania nywele kwa vitu vya mifupa ya nyamafu kama tembo, na wakitilia mafuta ndani yake, wala hawakuona ubaya.

Hapa kuna jambo linalohusu suala letu moja kwa moja. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kutoka kwa Thawban kuwa Mtume (S.A.W.) alimwagiza amnunulie Bibi Fatima (R.A.) bangili mbili za "aj". Sanadi yake ina udhaifu. Lakini maulamaa wamejadiliana maana ya neno hilo, na baadhi ya wanalugha wakasema hapa makusudio yake si pembe ya tembo bali ni gamba la kasa wa baharini. Mashafi wakaichukua tafsiri hiyo kuwa jibu lao, kwa kuwa kiumbe wa baharini ana hukumu yake na kiumbe wa nchi kavu ana yake. Kwa hivyo asitokee mtu akachukua habari ya kasa akaitia kwa kobe wa uani, kisha akasema ameifuata madhehebu ya Imamu Shafi.

Tunalolitaka kwenu ni kujua kwamba khitilafu hii ni ya kweli na ya zamani. Baadhi ya familia zetu zenye asili ya Bara Hindi ni Mahanafi, na akiingia mtu katika nyumba zao akakuta mfupa au pembe isimpase kuwatuhumu. Na anayeifuata kauli ya Imamu Shafi naye asiitwe mshamba.

Je, sala ndani ya ukumbi inasihi?

Hili ndilo linalomsumbua mama, na jibu lake ni jepesi kuliko alivyodhani. Hata tukiichukua kauli kuwa gamba ni najisi, sharti ya sala ni kutoharika mwili wa mwenye kusali, nguo zake na mahali anaposalia. Gamba lililo juu ya kabati halimgusi yeye, wala nguo zake, wala msala wake. Basi sala yake ukumbini inasihi, na sala alizozisali humo kabla ya kujua hana haja ya kuzirudia. Ila likiwa upande wa Kibla, mbele yake, ni makuruhu kusali kuelekea najisi, na hapo liondoshwe.

Na haya ni mambo mengine ya kuyajua, ili wasiwasi usiingie:

Kwanza, kikavu kwa kikavu hakinajisishani. Mtoto akiligusa gamba kavu kwa mkono mkavu, hana cha kuosha.

Pili, mkono au gamba likiwa na maji, mkono huo uoshwe kwa maji safi mpaka iondoke athari. Najisi hii si ile nzito ya mbwa na nguruwe, kwa hivyo hapana kuosha mara saba wala kutumia udongo.

Tatu, beseni aliloshea kaka na brashi aliyopakia vanishi navyo vioshwe, wala beseni hilo lisirudi jikoni kabla ya hapo.

Nne, haifai kulibeba gamba ndani ya sala, wala kulifanya chombo cha kutilia maji, chakula au mafuta. Ama kulitumia kwa kitu kikavu, Mashafi wamesema ni makuruhu na hawakusema ni haramu. Hapa tunapata jibu la kuliweka tu juu ya kabati: kwa kauli kali kabisa ni jambo lisilopendeza, lakini halifiki kuwa haramu.

Tano, kwa madhehebu yetu haifai kuliuza, kwa sababu najisi haiuzwi.

Je, ni sanamu? Je, inazuia Malaika?

Zimepokewa hadithi sahihi kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa au sura. Baadhi ya watu wanalitia gamba katika hukumu hii. Tunavyoona sisi, halimo. Sura iliyokatazwa ni ile anayoitengeneza mtu kwa kuigiza uumbaji wa Allah, na gamba halikuumbwa na mtu. Tena gamba halina kichwa wala umbo kamili la mnyama.

Ama kumkausha mnyama mzima, akajazwa na kusimamishwa kama yu hai, maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana. Wapo walioruhusu kwa sharti, hasa pakiwa na faida ya elimu. Wapo waliokataza kwa kuwa ni kupoteza mali bila ya faida na ni mlango wa itikadi mbovu. Watu wengine hutoa mfano wa kobe mashuhuri wa visiwa vya Galápagos, huko Ecuador, aliyeitwa Lonesome George. Huyo alikufa tarehe 24 Juni 2012, naye alikuwa wa mwisho wa jamii yake ya kisiwa cha Pinta. Mwili wake ulikaushwa, ukaonyeshwa katika jumba la makumbusho la New York mwaka 2014, kisha ukarudishwa Galápagos mwaka 2017. Ule ulikuwa ushahidi wa jamii nzima iliyokwisha duniani, na watu wanajifunza kwao. Ukumbi wa nyumbani hauna haja hiyo. Familia inayotaka kumkausha kobe mzima kwa gharama kubwa, nasaha yetu ni kuwa waiache.

Lililo zito zaidi ni itikadi. Iwapo gamba linawekwa au linatundikwa mlangoni kwa kuamini kuwa linazuia hasidi, linaleta riziki au linarefusha umri kwa kuwa kobe huishi sana, hapo hapana khitilafu ya madhehebu. Hilo ni haramu, na ni mlango wa shirki, kwa zilivyokuja hadithi za kukataza hirizi na kutundika vitu kwa kutaka kinga. Tunajua kaka yenu hakukusudia hivyo. Lakini nyumba hupita kutoka kizazi hadi kizazi. Ibn Abbas (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, amesimulia kuwa majina ya masanamu ya watu wa Nabii Nuh yalikuwa ni ya watu wema. Walipokufa, watu wao wakawawekea mahali pa kuwakumbuka, wala hawakuabudiwa mpaka kilipoondoka kizazi kile na elimu ikasahauliwa. Hatusemi kuwa watu wataabudu kobe. Tunasema kuwa anayeweka kitu huijua nia yake, na anayekirithi huenda asiijue.

Kaburi la kobe

Kuuzika mzoga ni jambo zuri. Ni kuondosha harufu na maradhi, na ni heshima kwa kiumbe. Mwanadamu wa mwanzo kuona maziko alifunzwa na kunguru aliyekuwa akifukua ardhi, kama ilivyo katika Surat Al-Maida, aya ya 31.

Lakini mnyama hakoshwi, hakafiniwi, hasaliwi, hasomewi talkini wala khitma. Hana dhambi za kuombewa maghufira, kwa sababu hakukalifishwa. Na kumjengea kaburi hakufai. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza makaburi kutiwa chokaa na kujengewa, na makatazo hayo ni kwa makaburi ya watu, seuze ya mnyama. Watoto wakitaka kupanda mche pale alipozikwa, au kuweka jiwe ili mahali pasifukuliwe, hapana ubaya. Huo ni mti na lile ni jiwe, si kaburi la kuzuriwa.

Sheria za nchi na afya

Sote tunawajua kobe wa Changuu, wanaotokana na wale walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliongezeka, kisha wakapungua sana kwa kuibiwa, mpaka ikabidi wawekewe uzio na ulinzi. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa jina la CITES. Kasa, akiwemo ng'amba, wamo katika daraja kali zaidi ya mkataba huo, na kasa analindwa na sheria zetu. Kwa hivyo tulivyotaja kuhusu gamba la kasa kuwa tohara si ruhusa ya kumvua ng'amba. Kutii utaratibu unaolinda maslaha ya wote ni katika dini yetu.

Kama mna jamaa Muscat au London wanaotaka gamba hilo wapelekewe, wasilibebe safarini bila ya kibali. Vitu kama hivyo huzuiwa viwanjani, na mwenye kubeba huenda akashitakiwa. Na hata kulihifadhi nyumbani, ni vyema muulize ofisi zinazoshughulikia misitu na wanyamapori iwapo panahitajika kibali.

Kuhusu afya, kobe hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoharisha na kutapisha, hasa kwa watoto wadogo na wazee. Anayemshika kobe, hai au mfu, aoshe mikono kwa sabuni. Mzoga ushikwe kwa glavu, na gamba lisioshwe jikoni.

Nasaha zetu kwa familia hii

Tumekwisha kueleza hukumu. Sasa tuseme lililobaki, nalo ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu.

Kaka, umelihifadhi gamba kwa kumpenda baba. Tunakuombea ujira kwa nia hiyo. Lakini pima. Kuliweka gamba ukumbini, kwa kauli iliyo nyepesi kuliko zote, ni jambo la mubaha tu, ukiliacha hupungukiwi na kitu. Ridhaa ya mama ni wajibu. Haifai wajibu uvunjwe kwa ajili ya mubaha. Baba mwenyewe, lau angelikuwepo akamwona mkewe anauhama ukumbi wake kwa ajili ya gamba, tunadhani angelikuwa wa mwanzo kulitoa.

Tena kumbuka kuwa kobe yule alikuwa wa baba. Alipofariki, haki yake ilipita kwa warithi wote kama vilivyopita vitu vyake vingine, na mama ana thumni yake humo. Basi si jambo la mmoja kukata shauri peke yake.

Kwa hivyo rai yetu ni hii: gamba litoke ukumbini. Mkikubaliana nyote, mama akiwemo, lizikeni uani pale chini ya mkomamanga, na hilo ndilo tunalolipenda zaidi kwa kuwa linawatoa katika khitilafu. Kama kaka anaifuata kwa ilimu kauli ya waliosema ni tohara, na nyinyi nyote mmemridhia, basi aliweke nyumbani kwake katika kabati la vioo, mbali na anaposalia mtu na mbali na chakula. Na watoto wake awaambie mapema kuwa ni gamba tu, halina kinga wala baraka.

Na wewe mama, umeshikamana na ulichofunzwa, nasi tunaheshimu hilo. Rudi ukumbini kwako usali. Sala yako ni salama. Usimhukumu mwanao kuwa ameidharau dini, kwani alilolifanya wapo Maimamu waliolipa njia.

Mjomba naye tunamwomba kwa adabu awarudie wale watoto, awaulize juu ya kobe wao, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuuliza Abu Umayr.

Ama kumkumbuka baba, lipo lililo bora kuliko gamba. Mmesema kila asubuhi baada ya Alfajiri alikuwa akimwekea kobe maji na majani. Hiyo ilikuwa ni sadaka yake, kwani tumefunzwa katika hadithi sahihi kuwa katika kumnywesha kila kiumbe hai mna ujira, na kuwa mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Na alipotaka Sa'd bin Ubada (R.A.) kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima.

Basi lile bakuli la kobe msilitupe. Lioshwe, liwekwe pale pale uani, na kila asubuhi mtoto mmoja kwa zamu alitie maji kwa ndege, paka na kuku wa jirani, akinuia thawabu zake zimfikie babu. Mkiweza zaidi, changieni mfereji au kisima mahali penye shida ya maji. Hapo watoto watakuwa na kazi badala ya machozi, na baba atakuwa na jambo linalomfikia kaburini. Gamba haliwezi kumfikia.

Kwa ufupi

1. Kumhuzunikia mnyama kunajuzu bila ya kupindukia, na watoto wasikebehiwe.
2. Gamba la kobe wa nchi kavu aliyekufa ni najisi katika madhehebu ya Imamu Shafi, na ni tohara likikauka na kusafika kwa Mahanafi na waliokubaliana nao.
3. Kuliweka pakavu, bila ya kuligusisha na sala wala chakula, si haramu, bali ni makuruhu kwa wanaosema ni najisi.
4. Sala katika chumba lililomo inasihi, maadamu halimgusi mwenye kusali wala mahali anaposalia.
5. Kuliweka kwa kutaka kinga au baraka ni haramu kwa kauli ya wote.
6. Mnyama huzikwa kwa usafi, wala hasaliwi wala hajengewi kaburi.
7. Likiwa linamuudhi mzazi, liondoshwe. Ridhaa yake ni kubwa kuliko kumbukumbu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu baba yenu, aziunganishe nyoyo zenu, na atujaalie sote kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.